Bukuru Kapewa, Butoyi Je?

Majaliwa wa Titye ni yule dereva wa bodaboda mwenye kioo kimoja tu, cha kulia, na hicho chenyewe anajiangalizia ndevu. Kijiweni Kasulu wanamwita Roketi. Jina alijipa mwenyewe kabla wenzake hawajampa lingine. Ana stika ya moto kwenye tenki, ana jaketi la ngozi ambalo halijawahi kukutana na ng'ombe, na kwenye stetasi yake ya WhatsApp picha za pikipiki ni nyingi kuliko za mke. Generosa, huyo mke mwenyewe, alishamuuliza kwa upole kabisa kama hiyo pikipiki siku hizi inasonga ugali. Roketi akamjibu kwa stika ya mtu anayekimbia.

Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Mungu aliona ampe mapacha.

Uzuri ni kwamba kwa Waha mapacha hawasumbui mtu kutafuta majina. Aliyetangulia ni Bukuru, aliyefuata ni Butoyi, kwisha. Walitoka kwa operesheni hospitali Kasulu, Bukuru wa kiume, Butoyi wa kike. Butoyi alilia papo hapo kama mtu aliyekatiwa bando. Bukuru alikawia, na kesho yake degedege likaanza: mkono mmoja unarukaruka, mdomo unatafuna hewa, macho yanakwama pembeni. Akapelekwa wodi ya watoto wachanga. Roketi akakaa kwenye benchi nje, jaketi kalivua kaliweka magotini, simu hata haigusi. Castory, rafiki yake na mchokozi wake wa kudumu, akaandika kwenye kundi la kijiwe kwamba Roketi imeishiwa mafuta. Hakuna aliyecheka. Baadaye Castory akaufuta ujumbe wake kimyakimya.

Bukuru alipotulia, wakaruhusiwa kurudi nyumbani na chupa ya dawa ya maji ya kuzuia degedege, ya kunywa kila asubuhi. Generosa kidonda kilikuwa kinamvuta na kizunguzungu hakijaisha, kwa hiyo aliyeitwa kufundishwa ni baba mtu. Mwalimu wake alikuwa nesi Herieth, mzaliwa wa Tanga, aliyeletwa Kasulu na barua ya serikali, na mpaka leo anailalamikia baridi ya huku kama vile inamfuata yeye peke yake.

Herieth hana maneno mengi. Kachukua bomba la sindano bila sindano yenyewe, kabandika plasta nyeupe pale kipimo cha Bukuru kinapoishia, kamwambia Roketi avute maji mpaka kwenye plasta. Kavuta, kapitiliza. Rudia. Kavuta, kuna kiputo cha hewa ndani. Rudia. Kisha kamkabidhi taulo lililokunjwa, eti ndiye mtoto. Kichwa kiinuke kidogo, ncha ya bomba ikae pembeni ndani ya shavu, usukume kidogo, usubiri ameze, ndipo usukume tena. Roketi kasukuma kwa mwendo anaoujua yeye. Taulo likalowa chapa.

"Hapo mtoto kashapaliwa, baba," Herieth akasema. "Humu ndani hakuna lami. Rudia."

Akina mama wodini wakaacha mazungumzo yao yote wakatazama sinema. Roketi alirudia mpaka shati likagandia mgongoni, na alipopatia hakuna aliyempigia makofi. Herieth akamalizia na makatazo: asichanganye dawa na maziwa, asipimie kijiko cha chai, mtoto akitapika asimpe nyingine kabla hajauliza. La mwisho alilisema akiwa kashika bomba mbele ya uso wake.

"Ukiona haimsaidii, usiongeze. Hata tone. Unapiga simu."

Akampa namba ya wodi, akamwamuru aijaribu palepale. Simu ya wodini ikaita mezani. Ndipo akawaachia waende.

Nyumbani Titye walimkuta Maximilla, mama yake Roketi, kashashuka na basi kutoka Kibondo na gunia la maharage, mkungu wa ndizi na amri. Generosa arudi kitandani. Moto uwashwe. Watoto waletwe kwake. Maximilla ni wa kwetu kabisa, Kiswahili chake anakikanyaga kwa miguu ya Kiha, na akimwita mjukuu "mwana wanje", yaani mwanangu, hata mtoto aliyenuna analegea. Aliwavua mapacha nguo walizotoka nazo hospitali, kwa sababu moja ilikuwa na ua na nyingine haina, akawavika zinazofanana. Akimwogesha Bukuru, maji ya Butoyi yapo tayari pembeni. Butoyi akinyonya ziwa la kulia, Bukuru anawekwa la kushoto muda uleule. Generosa hakuona ajabu yoyote. Huku kwetu mapacha ndivyo wanavyolelewa, mmoja akipata na mwingine anapata, la sivyo aliyenyimwa anaanza kudhoofu kwa uchungu. Kila mtu anajua hilo. Yaani, kila mtu isipokuwa mtu wa Tanga.

Siku za mwanzo dawa alitoa Roketi mwenyewe. Anamketisha Bukuru mkononi, anavuta mpaka kwenye plasta, anasukuma kidogo, anasubiri. Mama yake anatazama. Asubuhi moja Butoyi alikuwa kwenye kanga anapiga yowe la hatari, na Maximilla akauliza, "Bukuru kapewa. Butoyi je?"

Roketi alikuwa keshashika simu. Akajibu bila kuinua macho kwamba Butoyi ni mzima wa chuma, yeye ataletewa soda. Akacheka peke yake. Maximilla hakucheka, akambeba Butoyi akatoka naye nje.

Basi. Biashara ya bodaboda ni ya alfajiri, abiria wa sokoni hawamsubiri mtu mwenye mapacha. Roketi akaamua kazi ya dawa amkabidhi mama, na hapa lazima apewe sifa zake, maana kwa mara ya kwanza maishani alifanya kitu bila haraka. Alikunja taulo kama Herieth. Alimrudisha mama yake nyuma kwenye plasta kama Herieth. Alimwambia asipitilize. Maximilla alishika bomba mara ya pili tu likatulia mkononi kuliko lilivyowahi kutulia kwa mwanawe, na Roketi akaenda kazini akijisikia mkufunzi. Jioni akirudi anainua chupa kwenye mwanga wa mlango. Dawa imeshuka palepale inapotakiwa. Kila jioni, palepale. Castory alimwuliza kijiweni kama sasa tumwite nesi, akasema mwiteni daktari.

Siku moja ya mvua alirudi asubuhi, kwa sababu mvua ya Kasulu ikianza hata Roketi inakuwa baiskeli. Alikuta nyumba imenyamaza. Kwa nyumba yenye mapacha, ukimya si habari njema, ila yeye alishukuru. Akamfunua Bukuru kumsalimia.

Mkono wa kushoto ulikuwa unarukaruka.

Si sana. Unaruka, unatulia, unaruka. Mdomo nao ukaanza kutafuna hewa. Roketi akauliza kama mtoto kapewa dawa leo. Kapewa, mama yake akasema, asubuhi, vizuri kabisa. Roketi akaitoa chupa kwenye mfuko uliotundikwa ukutani, akaiinua. Imeshuka palepale. Kwa hiyo dawa mtoto anakunywa, na degedege linarudi. Kichwani mwake likabaki wazo moja tu, kwamba dawa ni ndogo.

Akavuta bomba. Kavuta hadi kwenye plasta. Kamwinua Bukuru kichwa. Ncha ya bomba ilishagusa mdomo.

Generosa, akiwa kitandani, akamwita jina lake halisi, ambalo ndani ya nyumba ile husikika mara chache. Akamwuliza nesi alisema nini.

Roketi akasimama vile na bomba lake. Mvua inapiga bati, mkono wa Bukuru unaruka. Kisha akairudisha dawa kwenye chupa, akachukua simu, akatoka mbio na jaketi kichwani mpaka kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, maana Titye mtandao unaishi pale juu na haushuki. Alipiga ikakatika. Alipiga ikakatika. Ya tatu ikapokewa, na bahati ikawa sauti ya Herieth.

Alimweleza yote kwa pumzi moja. Herieth akamwuliza kama kaongeza dawa. Hajaongeza. Akauliza Bukuru ananyonya? Ananyonya, kidogo. Rangi yake? Ya kawaida. Kisha akauliza jambo ambalo Roketi hakulitarajia.

"Na yule mwenzake anaendeleaje?"

Roketi akasema huyo hana neno, huyo siku hizi ni usingizi tu, hata kulia kaacha.

Herieth akauliza Butoyi kanyonya lini mara ya mwisho. Roketi akashuka kichuguu, akauliza dirishani, akapanda tena na jibu: tangu jana jioni hajanyonya vya maana, akiwekwa ziwani analala. Herieth akauliza nani anatoa dawa. Mama. Anampa nani?

Roketi akashuka tena, safari hii taratibu. Maximilla alikuwa kwenye moto, Butoyi kalala mapajani kalegea kama nguo iliyoloweshwa.

"Mama, dawa unampa nani?"

"Wote," Maximilla akasema. "Nusu Bukuru, nusu Butoyi. Sijapita plasta hata siku moja."

Alisema hivyo kwa amani ya mtu aliyefuata maelekezo. Na kweli alikuwa kayafuata. Ndiyo maana chupa ilikuwa inashuka sawasawa kila siku. Roketi alirudi kichuguuni bila jaketi, akayarudia maneno yale kwenye simu, na alipoyasikia yakitoka mdomoni mwake ndipo yakamwingia: mgonjwa anapata nusu ya dawa yake, na mzima anakunywa dawa ya kulaza ubongo ambayo hakuandikiwa.

Herieth akaanza kutoa maagizo na hakuna tena salamu wala baba. Watoto wote waje sasa hivi. Butoyi akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, afunikwe. Mtoto aliyelala vile asitiwe kitu chochote mdomoni, maziwa wala maji. Chupa na bomba vije pia. Njiani wamguse nyayo, waangalie kifua chake kinapanda.

Castory alipigiwa simu moja akaja, na hakuuliza kitu. Aliwabeba Maximilla na Bukuru, wamefunikwa turubai. Generosa alipanda nyuma ya mumewe, Butoyi kafungwa kifuani ndani ya kanga, koti la mvua juu yao. Udongo wa Titye ukilowa unateleza kama sabuni, na nyuma yake kuna mwanamke mwenye mshono tumboni. Roketi hakuweza kukimbia. Yule mtu anayezipita Noah za abiria kwenye kona alikuwa anakanyaga kwa miguu yote miwili chini, gia ya kwanza, akitafuta pa kupitisha tairi, na kila bonde alilolivuka juzi kwa mbwembwe leo analishuka kama mzee wa kanisa. Alitaka kulia kwa hasira. Mara kwa mara anauliza bila kugeuka, na Generosa anamgusa mtoto nyayo, anamjibu.

"Amekunja mguu."

Wanaenda.

"Amekunja."

Wanaenda. Kwenye kilima kimoja pikipiki ilizama matope mpaka ekseli. Castory akasimamisha ya kwake, akaingia topeni na viatu vyake vyeupe ambavyo kijiwe kizima kinavijua, akasukuma. Walipotoka Roketi akauliza tena. Generosa akagusa. Akagusa tena.

"Majaliwa, hakunji."

Generosa akaingiza mkono ndani ya kanga, akausugua mgongo wa mtoto, akaweka shavu lake kwenye pua ndogo ile.

"Anapumua. Twende. Anapumua, twende."

Lami ilipoanza ndipo Roketi ikawa Roketi, ila kwa mara ya kwanza hakuna aliyepiga picha.

Herieth alikuwa kasimama mlangoni mwa wodi. Butoyi alipokelewa na daktari, akawekewa mpira mwembamba puani wa kupitishia maziwa ya mama yake, na kifaa cha kupima oksijeni kikafungwa mguuni, kikawa kinatoa mlio. Daktari akampangia Bukuru dawa yake upya. Kwa Butoyi alisema hakuna cha kuitoa dawa ile haraka, mwili utaisafisha wenyewe, kazi iliyopo ni kumlinda apumue na ashibe mpaka aamke. Roketi akauliza ataamka lini. Daktari hakutaka kumdanganya.

Wakasubiri. Mchana ule, na siku iliyofuata. Castory alirudi na uji kwenye chupa ya chai, viatu vyake vyekundu kwa udongo, hakuvitaja.

Maximilla alikaa chini kwenye korido, hataki benchi. Herieth akaenda akachuchumaa mbele yake, na Roketi akajiandaa kusikia mama yake anapigwa maneno. Herieth akampa bomba na taulo. Akamwomba, shikamoo bibi, nionyeshe ulivyokuwa unafanya. Maximilla akavuta mpaka kwenye plasta. Akainua kichwa cha taulo, ncha kwenye shavu, akasukuma, akasubiri, akasukuma. Hakuna nesi ambaye angemkosoa. Kisha, bomba likiwa nusu, akaliweka taulo kulia, akachukua kipande cha kanga yake, akakikunja mtoto wa pili.

Herieth akauliza kwa nini.

"Kabla ya huyu," Maximilla akasema, akimwonyesha Roketi kwa kidevu, "nilizaa mapacha. Bukuru alikuwa mgonjwa, nikambeba yeye tu, nikamlisha yeye tu. Aliyekufa ni Butoyi, yule mzima."

Roketi alikuwa anajua kwamba walikuwepo. Hilo la pili hakuwahi kuambiwa. Akatazama sakafu.

Herieth akasema kwa sauti ya chini kwamba pole, bibi, na kwamba hata hivyo dawa hii Butoyi asipewe tena, kamwe. Maximilla akaitikia "ego", ndiyo. Akarudisha bomba.

Hapo ndipo Roketi angeweza kunyamaza, mambo yakaonekana yameisha. Lakini "ego" ya mama yake anaijua tangu utotoni. Ni "ego" ya mgeni, ya adabu tu. Wakifika Titye, asubuhi, yeye yuko sokoni na abiria, mtoto analia kwenye kanga, mkono utagawa tena. Akamwita Herieth pembeni, ila akaongea kwa sauti ya kumfikia mama yake.

"Dada, huyu atagawa. Usimwone kakubali. Mpe kitu cha kumpa Butoyi."

Maximilla alimtazama mwanawe kwa jicho la kumvua jaketi. Hakukanusha.

Herieth akasema mtoto wa umri ule hapewi kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama yake. Na Generosa, ambaye muda wote alikuwa kitandani karibu na mlango wa wodi akikamua maziwa kwenye kikombe kwa ajili ya mpira wa Butoyi, akasema basi si hayo hapa. Wavute kwenye bomba. Bukuru anywe ya kwake kwa bomba, Butoyi anywe ya kwake kwa bomba.

Herieth akalifikiria kama mtu anayekagua breki. Mabomba mawili, kubwa la dawa na dogo la maziwa, wasije wakachanganya. La dawa libaki na plasta yake na lilale na chupa. Bukuru apewe dawa kwanza, mfuko urudi juu ukutani, ndipo bomba la maziwa lishuke. Na maziwa yavutwe mapya kila siku, bomba lioshwe. Akamgeukia Maximilla. Wakivishwa sare hivyo, utajuaje huyu ni nani kwenye giza la asubuhi?

"Nitafungua nepi," Maximilla akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka kwenye korido ile, na aliyecheka ni Herieth. Akasema ndiyo hivyohivyo, kabla ya bomba, nepi.

Butoyi aliamka jioni ya siku hiyo ya pili, na kuamka kwenyewe hakukuwa na sherehe. Generosa alimweka ziwani kama alivyomweka mara zote, na mdomo ukakaa tu, umelegea. Kisha taya likasogea. Likasimama. Likasogea tena, na tena, na koo likapanda na kushuka. Generosa hakumwangalia mumewe, aliogopa kumtisha mtoto. Alinyoosha mkono tu akaushika mkono wake.

Waliruhusiwa Bukuru alipokaa siku kadhaa bila kuruka. Asubuhi ya kwanza Titye Roketi hakwenda kijiweni. Alikaa kwenye kigoda akamtazama mama yake akifungua nepi, akafunga. Akavuta mpaka kwenye plasta, Bukuru akameza yote, peke yake. Mfuko ukarudi ukutani. Bomba dogo likaja, maziwa, Butoyi akameza akilamba midomo. Maximilla akawalaza pamoja, akawatazama, akakunja uso.

"Butoyi kapata kitamu. Bukuru je?"

Roketi akamgeukia Generosa. Generosa alikuwa keshakamua ya wawili. Akamsogezea mkwewe kikombe.

Wakati Bukuru anapewa haki yake, Butoyi aliona anacheleweshwa, akafungua mdomo akalia, lile yowe la zamani la mtu aliyekatiwa bando, bati likaitika. Simu ya Roketi ikatikisika. Castory, kwenye kundi: leo Roketi kachelewa, abiria wanapanda baiskeli huku. Roketi hakuandika kitu. Alibonyeza kipaza sauti, akaisogeza simu karibu na mdomo wa binti yake, akarekodi mpaka binti alipochoka mwenyewe, akatuma.

Castory aliifungulia kwenye spika pale kijiweni, sauti hadi mwisho, kijiwe kizima kikamsikia Butoyi.